Mkanda wa Kushika Pumzi

Alhamisi, 2 Julai 1953

Asubuhi stoo, misumari na karabai. Jioni kunyanyua. Kipande cha reli mara kumi, pumziko, mara kumi tena. Mgongo umenyamaza. Vumbi la kinu cha kuponda mawe limetanda kambi nzima, jeupe kama unga wa muhogo. Jua likizama ndani yake kila kitu kinaonekana kiko mbali. Hata mikono yangu.

Zimebaki siku kumi na saba kufika ngoma ya mavuno.

Nauchukia ule wimbo. Mwaka jana, kwenye ngoma ya mavuno kwetu Segese, nilishindwa kunyanyua ekseli ya lori mbele ya umati. Chama chetu cha ngoma kilinitegemea mimi kuvuta watu. Kiuno kikalia ta, nikaanguka kando ya chuma. Wapinzani wetu wa ng'ambo ya mbuga wakatunga papo hapo: chuma kimelala, Luhende kalala nacho. Sasa wanauimba hata wachunga ng'ombe. Jana nimeusikia hapahapa mgodini, kwenye foleni ya maji. Nikiinyanyua ekseli mwaka huu, wimbo unakufa. Nisipoinyanyua nitazeeka nao.

Jumamosi, 4 Julai

Abdala kaniletea mkanda wake wa jeshi. Abdala ni mhunzi wetu hapa, mtu wa Tabora, alipigana Burma. Huko aliona watu wakinyanyua vyuma kwa mpango, si kwa ubishi kama sisi. Mkanda wenyewe wa turubai. Nimeufunga, nikainama, ukajikunja kama kamba. Hamna kitu.

Nikajaribu kipande cha mkanda wa mashine, kile kilichotupwa nyuma ya stoo. Upana shibri nzima. Mgumu, ndiyo, lakini nikiinama unanichoma mbavuni juu na nyongani chini. Nina alama mbili nyekundu. Abdala kacheka mpaka kakaa chini. Mshenzi.

Halafu kanipa somo. Mkanda si wa kushika mgongo, ni wa kushika pumzi. Jaza tumbo, lisukume nje, mkanda nao ukusukume ndani. Kwa hiyo uwe wa vidole vinne tu, mbele sawa na nyuma. Na uwe mkavu, usiokubali kubembelezwa. Hayo ni maneno yake. Yamenipendeza.

Jumanne, 7 Julai

Fundi viatu kamaliza mkanda niliomwagiza. Ngozi ya fahali, tabaka mbili, vidole vinne, bizimu mbili. Ukiuweka mezani unasimama wenyewe.

Nimeufunga, nikavuta pumzi. Jamani. Kama kuegemea ukuta na huku uko katikati ya uwanja. Reli imepanda kama fagio. Nimekula ugali nimeuvaa. Nimekaa nao mpaka saa ya kulala.

Jumatatu, 13 Julai

Ndoto ileile tena. Naishika ekseli, inapanda, haisimami. Inapita kifua, inapita kichwa, miguu yangu inaacha ardhi. Naiona Segese kutoka juu, mapaa ya nyasi, mbuga nyeusi, ng'ombe wanatembea bila sauti. Sina uzito wowote. Watu wanaimba, maneno siyasikii. Nimeamka mikono iko juu.

Kazini mtu kaja kuchukua sururu, nimempa koleo. Akili haipo hapa.

Ijumaa, 17 Julai

Likizo. Lori mpaka Segese. Shikamoo, marahaba, uji wa mtama. Mama kapungua.

Nimemwonyesha mkanda. Kaunusa, kaukunja, kauliza ni ng'ombe wa rangi gani. Kwa ngozi hapa hana mpinzani. Utotoni tulilala juu ya ngozi alizozilainisha yeye kwa samli na kuzikanyaga kwa miguu siku nzima. Kasema huu umekauka mno, utanichubua. Nikamweleza yote ya Abdala, pumzi na ukuta, na kwa nini lazima uwe mkavu. Kasikiliza vizuri. Kaitikia ee, ee.

Jumamosi, 18 Julai

Nimerudi mchana kutoka kusalimia ndugu. Mkanda uko kwenye ua, juani, unang'aa. Samli. Umepakwa, umekanyagwa, umepakwa tena. Laini kama ngozi ya kubebea mtoto. Nimeufunga, nikajaza tumbo, nao ukaenda na tumbo.

Nimepiga kelele. Kwa mama yangu mzazi. Nikamwambia, mayo, umeharibu bila kujua.

Alikuwa anamenya karanga. Hakuacha. Akasema, "Nilijua. Si jana tu umenieleza?"

Kisha akasema, "Baba yako alivunjika kiuno kwa kubeba marobota ya pamba. Nilimgeuza juu ya ngozi miaka mitatu, asubuhi na jioni, mpaka akafa. Wewe sikugeuzi."

Sikula chakula chake. Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Jumapili, 19 Julai

Umati mkubwa kuliko mwaka jana. Vumbi limepanda, watu wanaonekana nusu, vichwa tu vinaelea. Nimefunga mkanda uleule, sina mwingine. Nimejaza tumbo. Hakuna ukuta.

Chuma kimetoka chini. Kidogo, unene wa kidole. Nimekiona kivuli chake chembamba juu ya udongo, na hapo ngoma zote zimekuwa mbali, mwili mwepesi, kama ndotoni. Ningeweza. Hapa sina wa kumdanganya: ningeweza kukipandisha. Na kiuno kilishaanza kulia.

Nimeachia. Hakuna aliyenisukuma. Niliogopa, nikaachia, nikabaki nimesimama.

Wimbo ukaanza palepale. Ng'ambo yote ya mbuga wanaimba jina langu. Akatoka mwanamke kwenye umati, peke yake, mikono juu. Mama. Hajacheza tangu msiba wa Baba. Ameucheza ule wimbo wangu wa aibu tangu mwanzo mpaka mwisho, ananizunguka, anacheka, machozi yanamtiririka. Waimbaji wakashangaa, wakaongeza sauti. Naye akaongeza. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka pia asiache.

Jumatano, 22 Julai

Ukungu. Mama kanisindikiza barabarani kungoja lori. Habari ile hatujaigusa. Kanifungia karanga kwenye kitambaa.

Tumesimama muda mrefu. Kisha akapitisha kiganja mgongoni kwangu, kutoka shingoni mpaka kiunoni, taratibu, anatafuta kama kuna mahali pamepasuka. Hapakuwa na kitu. Akasema lori linakuja.

Nimepanda juu ya magunia. Bado nina hasira kidogo. Nimelala njia nzima.