Leo Amekikalia Kiti cha Kuogea

Jumanne jioni

Amekikalia. Kile kiti cha plastiki tulichopewa hospitalini baada ya kiharusi, leo mume wangu amekikalia bila ugomvi.

Hospitalini alikuwa anakitumia huku akitaniana na wauguzi. Tulipofika nyumbani hapa Kikuyu akakikataa. "Mama Neema, hicho ni cha wagonjwa. Nikikizoea, ndiyo basi tena." Akawa anaoga amesimama, ameegemea ukuta, na mimi nje ya mlango roho mkononi. Ameshateleza na kuanguka. Nimembembeleza, nimenuna, nimemwita hadi mchungaji. Wapi.

Asubuhi mdogo wake alipiga simu kutoka kijijini kwao Kibakwe kuuliza kama wamwachie shamba lake la bondeni, maana mvua zinakaribia. Siku zote mume wangu humjibu, "Msiliguse, nakuja." Leo amesema, "Limeni tu."

Akaweka simu chini. "Niletee kile kiti."

Nimemwogesha kwa maji ya uvuguvugu, nikamsugua mgongo wote vizuri kwa mara ya kwanza tangu arudi. Nilipomuuliza kama maji ni ya moto mno, akasema, "Yoyote tu, mama."

Nilidhani siku hii ikifika nitamshukuru Mungu. Badala yake nimejifungia jikoni nikalia.

Maana nilipokuwa naukausha ule mkono wake uliopooza, umelala kwenye taulo kama si wake, nimegundua kwamba na mimi nimeacha kuamini kwamba atapona. Sijui kama ameliona hilo usoni mwangu. Nadhani ameliona.