Unga wa Mbao Ndani ya Giaboksi

Garsen,
Jumapili asubuhi

Kaka Mwakio,

Nakusalimu, kwa sababu mama alitulea hivyo, na kwake barua isiyo na salamu ni sawa na tusi. Mguu wake umepoa? Dawa ya presha bado anaipata? Shemeji na watoto natumaini ni wazima. Mimi afya ninayo. Malaria ya baada ya mafuriko imenipiga mara mbili ikaniacha. Huku nyumba nyingi bado zina alama ya tope ukutani, juu ya kiuno cha mtu mzima, na barabara ya kijiji cha Wema imekatika mahali pengi. Nimemaliza salamu. Sasa nisikilize.

Ile pikapu uliyonipa ilivunjika giaboksi.

Unakumbuka tulivyokubaliana baada ya matanga ya baba. Wewe ubaki na shamba lote, mimi nichukue gari nikatafute maisha. Nilikuuliza mbele ya mama habari ya giaboksi, maana ilikuwa ikilia sana kwenye gia ya pili. Ukanijibu, "Nimeifungua kwa mikono yangu, nimetia beringi mpya. Haitalia tena." Na kweli ilikuwa imenyamaza. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana, Kaka. Nisipokuamini wewe ningemwamini nani?

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Wema napakia maembe, Komora akaja mbio. Komora ni mkulima wa hapo, Mpokomo, mtu wa makamo, ndiye aliyenipa kazi ya kwanza nilipofika huku. Mkewe Rehema alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Garsen upesi. Tukayamwaga maembe chini, tukamlaza Rehema juu ya magunia matupu, mama mkwe wake akimshika kichwa. Katikati ya njia, kwenye tope jeusi, niliingiza gia ya pili nikasikia kitu kimepasuka chini ya miguu yangu. Injini ikawa inanguruma bure. Hakuna gia iliyoshika, ya mbele wala ya nyuma.

Wanaume wakatoka mashambani, wakafunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili, wakambeba. Saa tatu nzima ndani ya tope. Rehema yu hai. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekwisha kufa. Muuguzi alisema kama wangefika mapema kidogo, kisha akanitazama asimalize.

Pikapu ilivutwa na trekta mpaka kwangu. Siku ya nne Komora akatokea uani. Nilidhani amekuja kunipiga, na nilikuwa tayari kupigwa. Alisimama akaitazama gari, akasema, "Fundi, chuma hiki peke yako hutaweza kukishusha. Nionyeshe nishike wapi."

Huku hakuna gereji yenye shimo wala mtambo wa kuinulia gari. Hata jiwe la kuzuia tairi hupati, ardhi yote ni udongo. Tuliinua kwa jeki kidogo kidogo, kila upande ukipanda tunasukuma gogo chini yake, mpaka mtu akaweza kuingia kifudifudi akageuka. Nikatoa nyaya za betri, nikang'oa mti wa gia kutoka ndani, nikafungua shafti ya propela, nikaegemeza injini kwa gogo jingine. Tukapitisha mti imara dirisha hadi dirisha, tukafunga ukambaa wa ngozi tuliouazima kwa jirani Mworma mwenye ng'ombe, tukaushusha kwenye tundu la mti wa gia ili uishike giaboksi. Bolti ya juu kabisa, ile usiyoiona bali unaipapasa tu, ilinila asubuhi nzima na ngozi ya vidole.

Komora alilala chali chini yake, gunia la pumba kifuani. Nilipoivuta ikatoka kwenye injini, ukambaa ukateleza, giaboksi ikamwangukia. Nilipochungulia alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka, akaniambia nisiharakishe, niufunge ukambaa vizuri. Mtu aliyezika mtoto wiki ileile, Mwakio. Amelala chini ya gari hiyohiyo.

Tukaiburuta kivulini. Nikafungua nati ya kumwagia oili, haikutoka oili. Ulitoka uji mweusi. Nikautia vidoleni nikausugua: unga wa mbao. Umeshindiliwa humo pamoja na grisi ili meno yaliyolika yasilie. Beringi ni zilezile za zamani, moja imesagika. Na ile nati ilikuwa imezungushiwa kitambaa isivuje. Nilikiosha kwa petroli. Ni kipande cha kanga ya mama, ile ya zambarau aliyojifunga siku tuliyomzika baba. Kwa hiyo usiniandikie kwamba kuna fundi aliyekudanganya. Hakuna fundi wa mjini anayeingia chumbani kwa mama kuchana kanga.

Komora akauliza, "Hiki ni nini, fundi?"

Nikamwambia, "Sijui. Pengine ni tope la mafuriko limeingia."

Akatikisa kichwa, akaenda kunawa. Nilimdanganya mtu aliyenishikia giaboksi kifuani, nikamtazama machoni nikamdanganya, kwa sababu yako. Hilo ndilo linalonichoma kuliko shamba, kuliko gari. Ulijua nitabeba watu humo. Ulijua barabara za huku. Ungeniambia tu kwamba giaboksi imekwisha, ningeichukua hivyo hivyo, ningeifungua siku ya kwanza. Sikukunyima chochote. Kwa nini ulinifanyia hivi?

Giaboksi kuukuu nimeipata Malindi, na aliyenisaidia kuipandisha ni Komora yuleyule. Gari inatembea. Kila nikimchukulia maembe ananiuliza habari za nyumbani kwetu, nami namjibu kwamba nina kaka, fundi hodari.

Sitaki pole yako kwa barua. Nakupa muda mpaka mpunga uvunwe. Panda basi uje Garsen, nikupeleke Wema, useme kwa kinywa chako mbele ya Komora na Rehema. Usipokuja, nitakwenda mwenyewe niketi mkekani kwao, niwaambie yote, nilitaje na jina la baba yetu, wajue jambo hili limetoka nyumba gani.

Nisalimie shemeji, sina ugomvi naye. Nisalimie shangazi anayetuombea kila Jumapili, na mjomba aliyeshuhudia tulipogawana. Usimfiche mjomba.

Mama usimsomee barua hii. Mwambie kazi ni nyingi na ninakula vizuri. Huo nao ni uongo, lakini ni wangu.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Mwadime