Ua la Mteremko wa Kokoto

Jumatatu, 9 Juni
Nimepanda mteremko wanaotaka kuuchimba kokoto. Mmea upo. Shina la pembe nne, majani mawili mawili yakitazamana, ua la zambarau lenye midomo miwili. Jamii ya mnanaa, bila shaka. Mama Majani, mtunza mimea iliyokaushwa pale chuoni, kaiangalia picha yangu. Huenda ni ule unaoota kwetu tu, uliopotea miaka arobaini. Ila "huenda" haizuii katapila. Pingamizi mwisho Ijumaa, saa kumi.

Jumanne, 10 Juni
Wapumbavu! Habari gazetini ni yangu, picha siyo. Wameweka mnanaa wa chai – kwenye chungu, dirishani!
Nikamfuata mhariri wa picha.
"Mkuu, jani ni jani. Yako ilikuwa kama mboga iliyolala."
Wenzake wakacheka. Masahihisho: mistari miwili, ukurasa wa kumi na nane.

Jumatano, 11 Juni
Meneja wa machimbo kaja kwenye kikao cha wananchi kuhusu mteremko na gazeti letu, kalikunja ibaki picha tu. Eti tusimamishe ajira za watu kwa majani ya chai? Ukumbi mzima kicheko. Mwenyekiti akaniuliza kama gazeti ni letu. Ni letu. Jina langu lipo hapo, herufi nzito.

Alhamisi, 12 Juni
Mama Majani kanigombeza.
"Ulikuwa na kisu mfukoni, ukaniletea simu! Mwanangu, picha hainusiki."
Kweli. Ningekata tawi siku ile, yote haya yasingekuwepo.
Tumepanda naye. Mteremko umefyekwa! Wote, leo asubuhi. Msimamizi anasema ni usafi wa kawaida. Usafi! Mama Majani kapiga magoti kwenye marundo, saa tatu nzima. Kapata tawi moja, ua moja, limepondeka.

Ijumaa, 13 Juni
Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Benchi la nje ya masjala. Fomu ya pingamizi imejazwa, imebaki saini ya Mama Majani kuthibitisha mmea. Shina sawa, majani sawa. Kinachoutenga na ndugu yake wa kawaida ni madoa ya mdomo wa chini, na hapo ndipo ua limechanika. Analigeuza kwa kibano, lenzi jichoni.
Nimemwambia: Mama, tia saini. Sote tunajua ni wenyewe.
Hakuinua kichwa.
"Wewe ungeandika usichokiona?"
Karani ameshaanza kufunga madirisha.