Kwa Baba, Aliyemshona Kuku wa Mama

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama alitufundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amekukosea. Neno "mpendwa" ambalo watu hulitanguliza kwenye barua nimeliacha. Halikunijia.

Baba mdogo alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada. Alisema miguu inakusumbua, macho yamepungua nuru, na yule mama uliyekuwa ukiishi naye Usagara amehamia kwa wanawe. Akasema unaomba upokelewe nyumbani Kiseke. Nikamwambia nitakujibu mwenyewe. Nilipokaa kuandika nilidhani nitaanza na mazishi ambayo hukuja. Kilichonijia ni kuku.

Unamkumbuka Kishingo? Yule kuku wa Mama mwekundu, shingo tupu isiyo na unyoya, aliyepewa na bibi kule Misungwi. Karibu kuku wote wa ua wetu walitoka kwenye mayai yake. Ulikuwa mwaka ule kiwanda cha nguo kilipofungwa. Mitumba ilijaa sokoni, nani tena angenunua khanga zenu? Wewe fundi wa mashine za kufumia ukarudi nyumbani na koti lako la kazi limekunjwa kwapani. Tangu siku hiyo tulikula kwa mayai ambayo Mama aliyachemsha na kuyapeleka stendi ya Buzuruga. Kwa hiyo asubuhi ile Kishingo alipokutwa amejikunyata pembeni mwa banda, macho nusu, mabawa yameshuka, hakuwa kuku tu aliyeugua.

Mama Neema, jirani yetu, alichungulia juu ya ua wa minyaa akasema, "Hicho ni kideri, mama Kabula. Chinja wote leo, la sivyo kesho utaokota mizoga."

Mama alikuwa ameshashika kisu. Wewe ukatoka ndani ukamwambia, "Subiri. Kwanza tujue anaumwa nini."

Zamani bwana mifugo wa kata alikuwa akipita na baiskeli yake, lakini naye alikuwa amepunguzwa kazini kama wewe. Ukamkagua mwenyewe. Ulimpakata kama mtoto, ukafunua kope zake, ukatazama tundu za pua kama zina makamasi. Ukageuza manyoya kutafuta utitiri. Ukapanua mdomo wake ukanusa, ukakunja uso. Kisha ukamtenga peke yake kwenye tenga, chini ukatandika gazeti ili uone kinyesi chake.

"Kingekuwa kideri kinyesi kingekuwa cha kijani," ulimwambia Mama. "Na angekuwa anahema kwa shida, shingo inapinda. Huyu ana jambo lingine."

Asubuhi iliyofuata ulimwita Mama, ukachukua kidole chake ukakiweka chini ya shingo ya kuku, pale kwenye kifuko cha chakula.

"Hajala tangu jana. Mbona hapa pamejaa? Bonyeza polepole."

Mama akabonyeza. "Pagumu. Kama donge la udongo wa kufinyangia."

"Kuku mzima huamka hapa pakiwa patupu. Kuna kitu kimeziba."

Ukaanza kumnywesha mafuta ya pamba kwa kijiko cha chai, kisha unamkanda kwa vidole viwili, taratibu, kutwa nzima. Uliacha kwenda kijiweni kwa wenzako. Nilikuwa nikirudi shule nakukuta kwenye kigoda mlangoni, kuku mapajani, unakanda. Donge halikulainika. Kishingo alikonda mpaka mfupa wa kidari ukatokeza kama makali ya jembe. Ndipo ukasema, "Tumpasue. Akifa, atakuwa amekufa tukijaribu."

Mama alimshika mabawa na miguu. Mimi nilichemsha maji ya chumvi. Ulinyonyoa manyoya machache, ukaosha pale mahali, ukapitisha wembe mpya, mkato mfupi kama kucha ya kidole gumba. Kishingo alitikisika mara moja akatulia. Ukaanza kuvuta: nyasi kavu zilizosokotana, nyuzi za nailoni za magunia, na mwishoni kipande kirefu cha mfuko wa plastiki wa bluu, ile mifuko mipya iliyokuwa imezagaa kila uchochoro.

Ukakiinua juu ukasema, "Mnaona? Soko huria hilo."

Mama alicheka mpaka akalazimika kujifuta machozi kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa imemshika kuku. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimemsikia akicheka. Vichwa vyenu viligusana. Ukashona kile kifuko kwanza, halafu ngozi, kwa vifundo vidogo vidogo ulivyozoea kufunga nyuzi zilizokatika kiwandani.

Wiki nzima ulimnywesha uji mwepesi. Na ulikuwa ukimwambia, kwa sauti ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuisikia, "Kunywa, mayu. Kidogo tu, mayu." Mayu, mama. Nilikuwa nikisimama nyuma ya pazia nakusikiliza. Nilikupenda sana siku zile, Baba. Sina haja ya kukuficha hilo.

Akapona. Akaanza kuparua, akawafukuza wenzake kwenye pumba, hatimaye akataga. Mama akamwinua juu ya minyaa kumwonyesha Mama Neema: "Huyu hapa wa kideri chako!"

Ningetamani kumbukumbu yangu iishie hapo.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, ulisema unakwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, maana wenzako wa kiwandani walikuwa wamekwenda. Asubuhi ya kuondoka ulikuwa unafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa pale pale, nachambua mchele. Mama akaja kutoka jikoni akasimama mbele yako.

"Baba Kabula, hapa kwenye titi pana kitu kigumu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka. Hakiumi, lakini kinakua."

"Hiyo ni baridi. Paka mafuta ya moto, kitaisha."

Hukuinua kichwa. Wewe uliyemshika mkono ukauongoza mpaka kwenye donge la kuku, donge lake yeye hukuligusa. Ulimaliza kufunga kiatu cha pili, ukabeba begi. Mama alisimama pale pale na mkono wake kifuani mpaka uliposhuka mtaani.

Ulirudi mara moja na sukari na kitenge. Baadaye zikaja salamu tu. Baadaye hata salamu zikakoma, na Mama akawa anasema machimbo ni mbali, barabara ni mbaya. Mpaka kondakta mmoja pale stendi, aliyezoea kununua mayai yetu, aliponiuliza kwa wema kabisa, "Baba yako hajambo? Nilimwona juzi Usagara, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli pale njia panda."

Usagara, Baba. Ungekuwa Kongo ningejua la kujibu. Usagara mtu huondoka asubuhi kununua nyanya akarudi kupika mchana.

Nilikufuata. Nilikuwa na sare za shule. Ulikuwa umeinamia gurudumu, na mwanamke mwenye mimba alikuwa anakuletea chai. Nilikuamkia, ukaitikia, ukatazama huku na huku kama mtu aliyefumaniwa.

"Mama amelazwa," nilikwambia. "Ugonjwa umetapakaa. Madaktari wanasema tumechelewa kumpeleka."

"Nitakuja wiki hii. Mwambie asiwe na wasiwasi."

"Twende leo, Baba. Gari zipo."

"Kabula, nimesema nitakuja. Usinisimamie hapa mbele ya watu."

Nikarudi nikamwambia Mama kwamba unakuja. Akaomba kitenge chake kile kifuliwe.

Siku hizo hospitali zilikuwa zimeanza kutoza kila kitu, hata glavu. Kuku waliondoka mmoja mmoja. Nilimwacha Kishingo mpaka mwisho. Mama alipokataa chakula cha kila namna na kubaki anaweza mchuzi tu, nilimchinja mimi mwenyewe. Nilipokuwa namnyonyoa, kidole changu kikapita juu ya kovu lako chini ya shingo. Lilikuwa limenyooka, jembamba, vifundo havionekani. Nilikaa chini pale uani na kuku wa moto mikononi, nikalia kwa hasira ambayo bado haijaisha.

Nilimpelekea mchuzi kwenye chupa ya chai. Akanywa vijiko vichache akauliza, "Kuku gani huyu?"

"Kishingo."

Nilidhani atanilaumu. Akasema, "Baba yako alimshona vizuri sana."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa bado anakusifu. Alifariki kabla ya Jumamosi, na kitenge chake kikiwa kimekunjwa kwenye kabati la kitanda. Baba mdogo alikuja Usagara kukuambia kwa mdomo wake. Ulimwambia utatangulia makaburini. Tulisubiri mpaka mchungaji akasema jua linazama.

Watu huniambia kwamba wanaume wa wakati wako hawakujua kuuguza, kwamba walichanganyikiwa kazi zilipokwisha, kwamba nchi nzima ilikuwa imepinduka. Nakubali nchi ilipinduka. Mama Neema mumewe alipunguzwa kazi mwezi mmoja na wewe, akauza maji kwa mkokoteni, akazeeka na mkewe. Na kama ungekuwa mtu asiyejua, ningekuwa nimeshakusamehe. Mtu hadaiwi asichokuwa nacho. Lakini mimi nilisimama nyuma ya pazia. Najua sauti uliyokuwa nayo. Najua subira uliyokuwa nayo, na vidole. Ulikuwa navyo vyote, ukavibeba ukaondoka navyo, na ng'ambo ya barabara ile ile ukawapa wengine.

Sasa jibu langu.

Masanja, mwanao uliyemwacha anatambaa, ataazima gari la rafiki yake Jumamosi aje akuchukue. Chumba cha uani kimepakwa chokaa na kina dirisha. Utakula tunachokula. Nitakupeleka hospitali kuhusu macho na miguu, na nitakaa na wewe kwenye foleni. Wajukuu wako watakuamkia. Nimewaambia ni babu yao, sikuwaambia zaidi. Kile kikao cha kupatanishwa anachokitaka Baba mdogo hakitakuwepo. Usinilie mbele ya wazee nikalazimika kusema neno ambalo sinalo. Likija siku moja, utalisikia. Lisipokuja, utakuwa umekula na umelala pakavu.

Ila kabla hujaingia ndani, Masanja atapitisha gari makaburini. Hujawahi kuliona kaburi la Mama. Ni la tatu kutoka mti wa mkaratusi, lina msalaba wa zege. Nitakuwa nakusubiri pale getini, nitakupa mkono mpaka mahali njia inaponyooka, halafu nitarudi barabarani. Utakwenda mwenyewe, hata kama itakuchukua muda. Umwambie unachotaka kumwambia.

Ukirudi, usinisimulie ulichosema.

Kabula,
mtoto wa kwanza wa mke wako wa Kiseke