Barafu Niliyoiweka na Maua

Jumatano, Agosti 2016. Al Nahda.

Leo joto limeamka kabla yangu. Vioo vya dirisha vinatoka jasho kwa nje, na wenzangu wa chumba wameshaenda kazini. Mimi niko mapumzikoni. Ningekuwa nimelala, lakini nimekaa kuandika haya.

Nimekosea kazini, kisha nikadanganya.

Mnaonisoma mnajua nafanya kazi kwenye ghala la mizigo ya ndege, upande wa vyumba vya baridi. Kabla ya Dubai nilikuwa miaka sita kwenye maua, Naivasha. Huko nilifundishwa jambo moja hadi likaniingia mifupani: waridi linataka baridi, lakini likiganda limekufa. Mazoea yana taabu. Jana asubuhi mawaridi ya Nairobi yaliingia pamoja na sanduku jeupe lililotoka kaskazini kabisa mwa dunia, likielekea Australia. Mikono yangu ikalisukuma kwenye chumba cha maua, mbali na friza, kana kwamba naliokoa.

Lilikaa humo masaa matatu. Nilipolihamishia kwenye friza, kifuniko kilikuwa kimelowa.

Ndipo nikasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Ndani mlikuwa na vipande vya barafu ya bahari, vilivyochimbwa na wanasayansi wanaopima jinsi barafu ya huko inavyopungua. Wameeleza kwa upole, wakijua anayesoma ni mbeba mizigo: barafu hiyo ina chumvi ndani yake, ikipata joto chumvi inachuruzika, na hata ukiigandisha tena, vipimo vyake haviaminiki. Hawatajua kama ni bahari iliyoiharibu au ni mimi.

Fomu ya mzigo ina mahali pa kuandika muda uliokaa nje ya friza. Bwana Salim, msimamizi wetu, mzee wa Unguja mwenye huruma, anajua nina barua moja ya onyo. Nikipata ya pili, visa inakatwa na narudi nyumbani. Akaniambia polepole, "Khalas, yamekwisha, mwanangu. Andika dakika ishirini. Barafu haina mdomo."

Nikaandika dakika ishirini, nikatia sahihi. Ndege ikaondoka na sanduku.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu huenda isifike mwisho kamwe, na hilo ndilo linaloniogopesha. Hakuna atakayenikamata. Watapima, wataandika, na katikati ya kazi yote waliyoifanya kwenye baridi ile patakuwa na uongo wangu. Tayari wako watu wengi wanaosema habari za dunia kupata joto ni porojo. Sikutaka kuwasaidia.

Sijifanyi shujaa. Naogopa kumpigia mama simu nimwambie narudi.

Lakini karatasi ile niliipiga picha, na ina barua pepe ya mwanasayansi mwenyewe. Asubuhi hii nimemwandikia: masaa matatu, chumba cha maua, jina langu kamili. Bwana Salim sikumtaja.

Amejibu kabla chai haijapoa. Amenishukuru sana. Vipande hivyo watavitenga, anasema, ili visiharibu kazi ya vingine. Na kwa kuwa ameguswa na uaminifu wangu, ametuma nakala kwa ofisi yetu, ili wajue wana mfanyakazi wa aina gani.

Sasa wanajua. Madam, mkuu wa ofisi, ameniita kesho saa mbili asubuhi.

Nimeshapiga pasi sare ya kesho. Akiniuliza sanduku lilikaa nje ya friza muda gani, sitahitaji kufikiri.