Bitana ya Vazi la Bi Mbega

Themi, Arusha
12 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Shamsudin,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo unaokusumbua ukilala chini ya magari ya watu umepata nafuu. Na joto la Muscat je? Kila ukipiga simu, kabla hujauliza hali zetu unalalamikia joto, mpaka nami huku natoka jasho. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Meru iko wazi kila asubuhi, haina hata wingu, na mvua tunaisikia redioni tu.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikimtaja Salwa na mavazi yake unaanza kuhema, halafu unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Maneno yako ya mwezi uliopita nayakumbuka. Umempatia binti yako nafasi kwenye chuo cha ugavi Dodoma, anatakiwa kuripoti tarehe tatu Machi, na hutaki tena kusikia habari za vinyago. Sikukubishia. Nikisema kweli, nilikuwa upande wako. Tangu wewe na Nusura mhamie huko mkaniachia huyu mtoto, nimemsomesha mpaka kidato cha nne, amefaulu, na sasa anashinda dukani kwangu akichambua katani! Nilimwambia amalize hilo vazi moja, tamasha lipite, kisha afunge begi.

Tamasha lenyewe lilikuwa Jumamosi, kwenye bustani ya michezo yenye mabembea makubwa na mitelezo ya maji, ukishapita Makumira kwenda Usa River. Vijana wanaopenda hadithi za katuni za kwenye simu hukutana pale, kila mmoja amevaa kama mhusika wake, na sharti ni kwamba vazi liwe limetengenezwa nyumbani. Wa Salwa ni Bi Mbega, mlinzi wa chemchemi za mlimani. Na usije ukadhani mtoto alitoka nusu uchi. Alikuwa amefunikwa kuliko mimi ninapokwenda msibani.

Alilishona miezi miwili. Kichwa alikifanya kwa kikapu, mwili kwa kitambaa cheusi chepesi, na yale manyoya meupe, kutoka mabegani hadi mkiani, ni katani aliyoichambua uzi kwa uzi. Chini ya katani, kwapani na mgongoni, aliacha nafasi zisizoshonwa, ndefu kama kiganja, ambazo huzioni mpaka uinue manyoya. Aliziita madirisha. Mimi nilizitazama nikasema moyoni, huu ni uvivu.

Hapo sasa inabidi nikiri, na usicheke sana. Unamjua marehemu baba. Miaka yote aliyowashonea wapagazi wa Meru makoti ya mlimani, hakuna nguo iliyotoka dukani kwake bila kitambaa cha ndani, yaani bitana, na sponji. Hata ukimletea suruali ya shule alikuwa anatafuta pa kuweka bitana. Mimi nimerithi cherehani yake na ugonjwa wake. Nikaona aibu, vazi litoke duka la baba, Mzee Shomari, lipite mbele ya watu, na ndani liko kama gunia? Ijumaa Salwa alipokwenda sokoni kununua gundi, nikalitia bitana lote, na sponji nyembamba, mpaka ndani ya kile kikapu. Nilishona vizuri sana. Nikanyamaza ili iwe zawadi.

Tulilibeba kwenye mfuko, akalivalia kulekule bustanini, msafara ukiwa umeshaanza kutembea. Alihisi ndani kumejaa, lakini hakuwa na muda wa kukagua. Ilikuwa saa saba mchana na jua halina huruma. Watu zaidi ya mia, mashujaa wa maboksi, simba wa mazulia, malkia wa mifuko ya saruji, na wengi walianza kuvua vichwa hata kabla hawajafika kwenye mabembea. Salwa alipiga hatua kama hamsini, akayumba. Nilikimbia, na unajua mimi sikimbii. Nilipomvua kile kichwa uso ulikuwa umelowa chapachapa na midomo imekauka. Akaingiza mkono kwapani, akapapasa, akanitazama.

"Shangazi, umeziba madirisha yangu."

Nilidhani atanifokea mbele za watu, na ingekuwa haki yake. Alikunywa maji, akakaa kivulini nyuma ya kibanda cha tiketi, akaniomba wembe. Bila wembe wa kufumulia mimi sitoki nyumbani. Akafumua bitana yangu yote, kichwa hadi mkia, na muda wote huo mimi nilishika kikapu nikanyamaza, jambo ambalo wewe hujawahi kuliona.

Alipovaa tena na kusimama, upepo ukainua katani, nikaona hewa inavyoingia kwapani na kutokea mgongoni. Shamsudin, haukuwa uvivu. Mtoto alikuwa amepiga hesabu upepo uingie wapi na utokee wapi. Mimi nina miaka thelathini kwenye cherehani na sijawahi kuwaza hivyo hata siku moja.

Tukaufuata msafara. Kabla hatujaufikia, kijana mmoja mkubwa aliyevaa nyati wa sponji ya godoro akaanguka chini puu. Anaitwa Bariki, anasoma pale Makumira. Wenzake wakabaki kumpepea kwa kofia. Salwa akatupa kichwa chake pembeni, akapiga magoti, akapasua mshono wa mgongo wa yule nyati kwa wembe wangu. Wakammwagia maji. Bariki akafumbua macho, na neno lake la kwanza likawa, "Jamani, nyati wangu mmempasua?"

"Tulia kaka," Salwa akamwambia, "nakuwekea dirisha."

Basi ikawa foleni. Huyu anataka afunguliwe mbawa, yule amejifungia kwenye boksi kama mzigo wa posta. Salwa anamzungusha mtu, anatazama upepo unatoka wapi, anakata, na mimi nampindia mapindo kwa sindano ya mkono pale anaponionyesha. Ndiyo, mimi dada yako nilikuwa msaidizi. Nilihesabu kumi na wawili.

Kwenye jukwaa, Anande, mama anayesimamia tamasha, akaita Bi Mbega mara tatu. Nikamwambia Salwa aende upesi. Hakuinua hata kichwa. "Shangazi, huyu bado hajapumua vizuri." Jina likapita, na zawadi ya vazi bora ikaenda kwa joka moja zuri, nalo mbawa zake zilikuwa zimefunguliwa na Salwa. Nilikasirika kidogo, kisha nikaanza kulia, na wala sikuwa na huzuni. Najivunia huyu mtoto kuliko ninavyoweza kuandika. Jioni Bariki alipita kuaga, amemaliza mzunguko wote na nyati wake, akaniuliza kama ni mimi niliyemfundisha Salwa. Nikamjibu hapana.

Begi lake liko mlangoni tangu Jumapili. Hajanituma nikuombe chochote. Alichosema ni kwamba Baba akisema Dodoma, ni Dodoma. Angekuwa mkaidi ningemwacha apambane na wewe mwenyewe. Ninayekuomba ni mimi: mwache akae nami mwaka huu mmoja, ashone. Anande amemwita wiki ijayo akaangalie sare za wafanyakazi wa bustani wanaoshinda juani. Chuo hakihami. Mwaka ukiisha bila la maana, nitampeleka Dodoma mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Barua hii inakuja na Abdulhalim, anayerudi Muscat Jumanne, pamoja na kifurushi. Ndani kuna ovaroli ya kazi. Salwa ameikata kwa kipimo cha kanzu yako ya zamani, akaongeza inchi mbili kiunoni kwa sababu ya zile picha unazotuma. Ivae gereji siku moja, kutwa nzima, jua likiwa la kule kwenu. Usinijibu kabla ya hapo.

Nisalimie sana wifi yangu Nusura, na watoto uwabusu. Shangazi Aisha wa Ngaramtoni anawasalimu, magoti yake hayajambo. Ramadhani inakuja, Mola atufikishe salama, akupe riziki ya halali na kivuli cha kupumzikia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Twahira

N.B. Ovaroli sikuigusa. Haina bitana.