Kaburi Lisilo na Mtani

Luanshya,
11 Machi 2001

Kwa mtani wangu Yotamu Nzima,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na mwanao Masauso na wajukuu, na kwamba panya mnaowala huko mashambani mwenu mwaka huu wamenona. Sisi huku tunaendelea, ila kifua changu si kizuri, nacho nitakieleza huko chini.

Najua umeishika bahasha hii unataka kuitia jikoni. Isome kwanza, moto utaisubiri. Ni miaka tisa na ushee tangu uondoke, na mimi ndiye niliyekaa kimya, sikatai.

Mgodi umekwisha, Yotamu. Walioununua wameondoka kama wageni waliokula wakasahau kuaga. Tulipunguzwa kazini mamia kwa siku moja, tukapewa karatasi kwamba mafao yetu yanakuja. Nyumba ile ile tuliyokuwa tunakaa bure sasa ni yangu, nimeandikiwa hati. Nina nyumba katika mji usio na kazi, na nyumba hailiwi. Jirani ameanza kung'oa mabati yake ya jikoni auze. Unakumbuka balbu ikiungua? Ulikuwa unaichukua ile mbovu unaipeleka stoo ya kampuni, wanakupa mpya, huulizwi kitu. Juzi nimekaa siku nne gizani kwa sababu ya balbu moja, nikacheka mwenyewe. Hospitali ya mgodi ipo, lakini nesi anakutuma ukanunue glavu ndipo akuguse. Na wale viongozi tuliowabeba mabegani mwaka 1991, tukaimba mpaka sauti zikakauka, sasa wanasema miaka kumi haiwatoshi, waongezewe.

Naogopa. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, hata kule chini mwamba ulipokuwa unalia.

Sasa kifua. Daktari amesema ni vumbi la miaka ishirini na sita na halitoki. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Nikifa, uje unizike wewe. Hapa watani wangu Wangoni wote wamekufa au wamerudi makwao. Nani atalala kaburini mwangu akatae kutoka mpaka alipwe? Nani atawaambia waombolezaji kwamba nilikuwa bahili, na kwamba lifti ya mgodi ikishuka nilikuwa nafumba macho? Vijana wa kanisa wataimba nyimbo zao, wanifukie, waende kunywa chai. Sitaki kuzikwa kama mtu asiye na mtani.

Yale ya jeneza yalikuwa utani, na mtani hakasiriki. Naomba yaishe.

Mke wangu, Mama Bwalya, anakusalimu.

Ni mimi mtani wako,
Lombe Kapambwe


Chipata,
8 Aprili 2001

Bwana Kapambwe,

Nimepata barua yako kwa mkono wa dereva wa basi. Sisi ni wazima. Pole kwa kifua. Mama Bwalya nimemsikia, mrudishie salamu.

Kuhusu balbu, mimi nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama kilichokupa hiyo balbu, na hata mimi siililii. Mmesahau foleni za mafuta na sabuni. Mmesahau kwamba mtu alikuwa anatazama nyuma yake kabla ya kutaja bei ya unga. Huku sasa tunalima pamba na mahindi, mbolea haishikiki, mnunuzi anakuja na mzani wake na bei yake, na ukikataa anapanda gari. Mlitaka soko huria, mmelipata, na sisi tumelipata pamoja nanyi. Lakini sitasema zamani ilikuwa peponi. Nilikuwepo.

Sasa hilo jeneza, kwa kuwa umelitaja kwa maneno matatu tu.

Siku ya pili baada ya matokeo ya uchaguzi mlipita mitaani na jeneza la mbao za masanduku, mkiimba kwamba mnakizika chama chetu. Hilo silaumu, mlishinda. Lakini mlikata kona mkaja kwangu. Mkaliweka mlangoni, ukalala ndani yake na viatu vyako, ukapiga kelele kwamba hutoki mpaka mwenyekiti akulipe. Watu walicheka sana. Zelipa wangu alikuwa kitandani wiki ya tatu. Aliliona dirishani. Aliniuliza, "Baba Masauso, wamekuja kunipima?"

Alikufa baada ya siku kumi na moja. Sisemi jeneza lilimuua, figo ndizo zilizomuua. Nilimleta huku kwa lori lililotupakia kituo cha mabasi. Huku wote ni Wangoni wenzetu, mtani wake ulikuwa wewe. Kaburini hakulala mtu. Hakuna aliyedai kitu, hakuna aliyemsema kwamba chumvi yake ilikuwa nyingi. Walimshusha kimya kama gunia. Wewe ulijua, maana Mama Bwalya alikuja mpaka kituo cha mabasi kutuaga. Wewe hukuja.

Unataka nikuzike kama mtani. Jibu swali moja tu. Ulipolala katika lile jeneza, ulikuwa unatania? Usinijibu haraka.

Yotamu Nzima


Luanshya,
22 Julai 2001

Kwa Yotamu,

Shikamoo ya mtu aliyekosa, hata kama tumezaliwa mwaka mmoja. Natumaini baridi haijawasumbua na mavuno yameingia. Mimi naamka, nakaa juani, narudi kulala. Mwanangu Bwalya ananilisha tonge ndogo ndogo za nshima kama mtoto.

Uliniambia nisijibu haraka. Nimeanza barua hii mara tano. Nne niliandika kwamba nilikuwa natania, na zote nilizichana.

Unakumbuka mama yangu, Emeliya Kalaba? Mwaka 1988 alikuwa ametoka kijijini Kasama kuja kunitazama. Unga ulikuwa umeadimika. Mimi nilikuwa zamu ya mchana, akachukua mfuko akaenda foleni ya duka la serikali, akasimama tangu alfajiri. Wewe ulikuwa mlangoni unakagua kadi za chama. Alipokufikia akasema, "Baba Masauso, ni mimi, mama yake Lombe." Ukamjibu, "Leo sina mama, nina foleni. Kadi iko wapi?" Akarudi na mfuko mtupu, maili mbili kwa miguu, na magoti yake yale.

Aliponisimulia alikuwa anacheka. Alisema, "Yule mtani wako leo amenitania kweli kweli." Aliamini ni utani, Yotamu. Alicheka nao mpaka alipokufa hapa hapa Luanshya mwaka uliofuata, nawe ukaja ukalala kaburini kwake ukadai ulipwe, tukakulipa, watu wakafurahi. Mimi nilisimama pale na tabasamu langu, na moyoni nilitamani nikufukie humo humo.

Sikukwambia neno. Mtani hakasiriki, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo nilikasirika kwa siri miaka mitatu, tukishuka lifti moja kila siku, tukitukanana mpaka vibarua wapya wanadhani tutapigana, na wewe hujui kwamba nusu ya matusi yangu yalikuwa ya kweli. Uchaguzi ulipokuja, wengine walitaka mageuzi kwa ajili ya nchi. Na mimi niliyataka, usidhani sikuyataka. Ila lile jeneza kulileta mlangoni kwako lilikuwa wazo langu peke yangu. Wenzangu walitaka kwenda sokoni.

Na hili ndilo nililokuwa nachana barua kwa ajili yake. Nilijua Zelipa anaumwa. Mama Bwalya alikuwa amempelekea uji asubuhi ile ile.

Haikuwa utani. Nilijificha nyuma ya utani. Ndiyo maana sikuja kituo cha mabasi, na ndiyo maana sikuja kumzika.

Mafao hayajaja. Sikuombi tena unizike. Nilitaka tu ulipate jibu kabla kifua hakijaniwahi.

Lombe


Chipata,
12 Agosti 2001

Ewe mla nyani wa Kasama,

Hujambo? Kifua je? Masauso anakusalimu, na wajukuu, ambao nimewaonyesha mwandiko wako wajue jinsi mtu aliyesomea juu ya mti anavyoandika.

Nimesoma barua yako, nikaenda shambani, nikarudi nikaisoma tena. Nilikaa na hasira siku tatu, nikashindwa kula, Masauso akataka kunipeleka zahanati. Siku ya nne hasira ilikuwa imeondoka. Nadhani imechoka, maana na yenyewe imezeeka.

Nami sasa nikwambie langu. Siku ile ya foleni nilikuwa na kadi tupu tatu katika mfuko wa shati. Nilikuwa na kalamu na muhuri. Kumwandikia mama yako kungenichukua dakika moja. Alikuwa akinipa chikanda, ule mkate wake wa viazi pori, kila akija kutoka Kasama, ananikatia kipande kikubwa kuliko chako. Nilimwona tangu akiwa mbali. Nilitaka watu waone kwamba kwa mwenyekiti Nzima hata mama wa mtani hapiti. Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyeniagiza kutoka Lusaka. Watu wanaposema chama kilikuwa kikali, mimi nainamisha kichwa, kwa sababu mlangoni pale chama kilikuwa mimi.

Na alipocheka akidhani ni utani, nilishukuru. Nilijificha mle mle ulimojificha wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Nitakuja mwezi wa kumi, pamba ikishauzwa, kabla ya mvua. Nitakuja ukiwa hai, nikutukane uso kwa uso kwanza, maana nina akiba ya miaka tisa. Ukifa kabla sijafika nitakukuta humo humo nikukaripie. Miguu yangu inavimba vimba kidogo na pumzi inakata kwenye mlima, lakini kwenye basi mtu anakaa.

Na nikitangulia mimi, unajua pa kuja. Kaburi langu litakuwa kando ya Zelipa. Nimeshamwambia Masauso mtu asinishushe mpaka mla nyani alale mle kwanza. Malipo yako yapo tayari ndani ya bahasha, uache kulia njaa.

Ni mimi mtani wako,
Yotamu


Chipata,
4 Oktoba 2001

Mtani wangu Yotamu,

Salamu. Afya yako siulizi. Yangu ni hii hii.

Nilisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo ya saa saba mchana. Mama Bwalya alikuwa anachambua dagaa wa kapenta. Mtangazaji akasoma jina lako, akasoma majina ya watoto wako, kisha akasema, "Lombe Kapambwe wa Luanshya afike haraka, kaburi linamsubiri." Majirani walikuja mbio wakidhani nimekufa mimi. Bwalya alisema, baba, na kifua hicho, huwezi. Nikamwambia waliosema siwezi ni wengi na mgodi umewafukuza wote. Jirani yule wa mabati akaongeza nauli iliyopungua, wala hakuombwa. Nimesafiri siku mbili, nimekohoa Zambia nzima.

Walikuwa wamekuweka siku nne wakinisubiri. Masauso alinishika mkono akanipeleka makaburini. Vijana wawili walinishusha kwa mikono kwa sababu kuruka siwezi. Nikalala chali. Udongo wenu mwekundu una baridi, ujue.

Nikaanza. Nikasema huyu marehemu alikula panya wote wa mkoa huu ndipo paka wakahamia Malawi. Nikasema alikuwa mwenyekiti wa foleni, na hata huko aendako atasimama mlangoni awadai malaika kadi. Walicheka. Shangazi yako mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema sitoki, nilipwe.

Masauso akainama akanipa ile bahasha. Nilidhani ni noti. Nikaifungua nikiwa nimelala vile vile.

Yotamu, ni kadi ya chama. Moja ya zile tatu, imepauka na kukunjika. Umeandika kwa mwandiko wako: Emeliya Kalaba. Tawi la Luanshya. 1988. Ada imelipwa. Na muhuri umeupiga, sijui wino uliupata wapi.

 Nililia mle kaburini kama mtoto, na kukohoa, na waombolezaji wakadhani ni sehemu ya utani, wakacheka zaidi. Nikawaacha wacheke. Ni haki yako. Walinivuta juu, wakakushusha.

Wengine walipokwenda kunawa, nilibaki. Kwa Zelipa ni hatua nne. Nililala juu ya nyasi zake, nikamwambia chumvi yake ilikuwa nyingi, na uji wa mke wangu ndio uliomweka hai wiki zile. Kisha nikamwomba msamaha, kwa sauti, bila utani wowote. Sikudai kitu.

Leo asubuhi narudi. Nilimwuliza Masauso, sasa mimi atanizika nani? Akanitazama kwa macho yako yale ya mlangoni, akasema, "Baba ameniachia shamba, ng'ombe wawili, na wewe. Ukifa tangaza redioni. Ila usife wakati wa kupalilia, mla nyani, sitakuja." Nimecheka mpaka wameniletea maji.

Barua hii nitaiacha chini ya jiwe kichwani pako. Kadi naondoka nayo, iko mfuko wa shati. Nikifika Luanshya nitakwenda makaburini kwa mama kabla ya kwenda nyumbani. Nitamwambia mwenyekiti amesema apite.

Ni mimi mtani wako,
Lombe